Hatutoi Balbu: Maisha ya Kasmiri Bundala, Fundi wa Kasoli, 1948–2004

Marehemu Kasmiri Bundala aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usomwe na mtu mwenye sauti, kwa sababu wanaokaa nyuma ndio waliomsema zaidi. La pili, asifananishwe na gari. Alisema kila mazishi ya fundi mwenzake aliyohudhuria, msomaji alitangaza kuwa injini ya maisha imezimika, na watu wakalia, wakati injini ikizimika mtu mwenye akili hafanyi kilio, anafungua boneti. Familia itajitahidi kutii yote mawili. Familia inajua pia kwamba tangu mwaka 1996 kulikuwa na swali moja likizunguka kijijini kwetu, nalo ni hili: Kasmiri akifa, atazikwa na nani? Wasifu utafika hapo. Tunaomba subira.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kitongoji cha Mwabagole, Kasoli, wakati huo sehemu hizi zikihesabiwa upande wa Maswa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bundala, mkulima wa pamba na mfugaji, na Mama Klementina. Alipofikisha umri wa kuchunga alipewa fimbo kama watoto wengine, na angeendelea kuchunga kama siyo siku alipoandamana na baba yake mnadani kuuza ng'ombe mmoja wa maziwa. Mnunuzi aliuliza kama ng'ombe ni mpole. Mzee Bundala akasema ni mpole kama kondoo. Kasmiri, bila kuulizwa, akasema, "Anapiga teke. Jana amempiga mama." Ng'ombe hakuuzwa. Mzee Bundala alimrudi mwanawe ipasavyo, na mwaka uliofuata akampeleka shule, akieleza kwamba mtoto wa namna ile asiwe karibu na biashara.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1957 na kumaliza darasa la nane mwaka 1964. Mwalimu wake wa darasa aliandika maneno matatu kwenye ripoti ya mwisho: "Ana akili. Hasikii." Kasmiri aliiona ripoti hiyo kuwa pungufu. Alisema alisikia kila kitu, ila hakukubali. Mwaka 1966 alikwenda Mwanza kujifunza ufundi umeme, akarudi mwaka 1968 na cheti, bisibisi ya kupimia umeme, na tabia ya kuuliza "Umejuaje?" ambayo haikumwacha tena.

Mwaka 1969 aliajiriwa kama fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, akatunza mota zake kwa miaka ishirini na sita. Hapo ndipo alipompata Elina Kwandu, aliyekuwa akija na baba yake msimu wa mauzo. Walifunga ndoa parokiani tarehe 7 Septemba 1974. Siku ya posa, baba yake Elina alimtazama kijana mwenye mafuta kwenye kucha na kumuuliza, "Wewe unafuga nini?" Kasmiri akajibu, "Mota, baba." Mzee akasema mota hazizai. Ng'ombe wa mahari wakatolewa na Mzee Bundala, na ndoa ikazaa watoto watatu.

Soko huria lilifika kwetu kati ya mwaka 1994 na 1995. Lilikuja na wanunuzi binafsi wa pamba, mizani mipya na maneno mengi ya Kiingereza, na wakati wa kuondoka lilichukua ajira ya marehemu. Soko hilohilo lilileta magari ya mitumba kutoka Japani, mpaka watu ambao jana walikuwa na baiskeli wakawa na pikapu. Magari hayo hayakuwa kama yale ya zamani ambayo fundi aliyasikiliza kwa bisibisi sikioni. Yalikuwa na kompyuta ndogo na sensa: sensa ya joto, sensa ya hewa, sensa ya moshi, kila moja ikipeleka taarifa. Taarifa zikigongana, kwenye dashibodi inawaka taa ya njano yenye picha ya injini.

Taa hiyo ilivuruga biashara. Mnunuzi akiiona anashusha bei au anaondoka. Kwa hiyo mafundi wengi walipata tiba ya haraka: walifungua dashibodi, wakatoa balbu, wakafunga. Gari likawa zima. Marehemu alikuwa amekwenda Mwanza miezi kadhaa kujifunza kwa fundi wa magari ya Kijapani, na aliporudi akafungua gereji yake Kasoli, kando ya barabara, akaandika kwa rangi nyekundu kwenye bati: HATUTOI BALBU. USIOMBE. Ndugu yake Januarius, ambaye ni katekista, alimshauri aongeze walau neno "karibu." Hakuongeza.

Sababu yake ilikuwa ya kifundi kabla haijawa ya ukaidi. Katika magari ya miaka ile, taa inayolalamika ndiyo hiyohiyo inayoeleza. Ukichukua kipande cha waya ukaunganisha matundu mawili kwenye kiboksi cha chini ya boneti, ukafungua swichi bila kuwasha gari, taa inaanza kupepesa kwa mafungu, na kila fungu lina maana yake. Ukitoa balbu umejinyima jibu. "Mtu anakuja kushtaki, wewe unaziba mdomo wake, halafu unasema kesi hakuna," alisema marehemu. Alisema hivyo kwa wateja waliokuja kuomba balbu itolewe, na wengi wao walikwenda kutolewa kwingine.

Sasa tunafika mwaka 1996. Wengi wenu mnalikumbuka tukio hili, hasa mnaosema hamkuwepo.

Mwezi Juni mwaka huo, Mzee Ndaki, jirani yetu na mfugaji anayeheshimika, aliuza ng'ombe na kununua pikapu nyeupe kwa mtu mmoja wa mjini Nyalikungu. Taa ya njano ilikuwa inawaka. Mzee Ndaki aliuliza ni taa ya nini, na muuzaji, ambaye katika maisha mengine angekuwa mshairi, akamwambia, "Mzee wangu, hiyo ndiyo hati yako. Taa ikiwaka, ujue injini iliyotoka Japani ndiyo hiyohiyo iliyomo. Siku ukiona imezimika, wamekuchezea, wamekubadilishia." Mzee Ndaki alimshika mkono, akalipa, akarudi nyumbani akinguruma. Gari lilinguruma kweli. Lilitoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, lakini lilisikika kabla halijaonekana, na mwenyewe alipenda hivyo.

Petroli ilipomshinda alilileta kwa Kasmiri. Marehemu aliunganisha waya, akakaa kwenye usukani akitazama taa. Ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena. Sensa ya joto la maji. Ilikuwa imekufa, na saa zote ilikuwa ikiiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi, hata mchana wa jua kali kwenye barabara ya Lamadi. Kompyuta iliamini, ikamwaga petroli kama ya alfajiri. Haikuwa injini mbovu. Ilikuwa injini nzima inayopewa taarifa mbovu, jambo ambalo wakati ule halikuwa la magari peke yake. Sensa mpya ikaagizwa Mwanza, ikaja na basi, ikafungwa. Moshi ukaisha. Injini ikatulia. Taa ikazimika.

Mzee Ndaki alikaa ndani ya gari, akasikiliza, akatazama dashibodi, akatoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata marehemu aliitwa kwenye mkutano wa wazee na sungusungu wa kitongoji kujibu shtaka la kuiba injini.

Waliokuwepo wanayakumbuka maneno.

"Injini yangu ilikuwa inanguruma kama dume la zizi," alisema Mzee Ndaki. "Hii aliyoniwekea inapumua kama mbuzi mwenye homa."

"Ilinguruma kwa sababu ilikuwa inadanganywa, mzee."

"Mimi siulizi nani alimdanganya nani. Naulizia taa. Taa ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Na wewe umeizima au hukuizima?"

"Nimeizima."

"Haya," Mzee Ndaki akawageukia watu. "Mmesikia kwa kinywa chake."

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa mtu wa amani. Alimvuta marehemu pembeni, umbali ambao wote waliendelea kusikia. "Fundi, hatutaki makubwa. Huwezi kuiwasha tu hiyo taa, mzee aridhike twende tukale?"

"Kuiwasha ni rahisi. Nachomoa waya mmoja wa sensa."

"Basi chomoa."

"Sichomoi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu gari limepona."

Uamuzi ulitolewa siku hiyohiyo. Kasmiri Bundala ametengwa mpaka arudishe injini. Asisalimiwe, asipewe moto wala maji, asisaidiwe kulima, akifiwa asizikiwe, na akifa asizikwe. Atakayevunja amri atoe mbuzi.

Usiku huo haukuwa na maneno mengi nyumbani. Elina alisubiri mumewe amalize kula. "Baba Method, si waya mmoja tu?"

"Ni waya mmoja."

"Basi?"

"Leo nikichomoa huu, kesho watataka nichomoe upi?"

Elina alitoa vyombo. "Mimi nilipoolewa niliambiwa ni fundi umeme," alisema. "Hawakuniambia ni umeme wenyewe." Tangu kesho yake alichota maji mtoni, mbali, na hakuulizia waya tena.

Gereji iliendelea, kwa sababu wateja wa barabarani kutoka Bariadi na Maswa hawakujua kwamba wako kwenye kosa. Mzee Ndaki alimpata fundi mwingine, ambaye alivuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye balbu. Taa ikawaka. Iliwaka gari likitembea na ikawaka gari likiwa limelala, na kila asubuhi betri ilikuwa imekwisha. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi vijana wa kitongoji waliisukuma pikapu ile ili iwake. Mzee Ndaki alikaa kwenye usukani, ameridhika.

Tarehe 9 Februari 1997 Mama Klementina alifariki. Amri ilikuwa bado ipo, na watu wa kitongoji waliitii. Hakuna aliyekuja na jembe. Kasmiri alichimba kaburi la mama yake, na alipochoka, Elina aliingia shimoni akachimba, jambo ambalo kwetu mwanamke hafanyi na ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza. Januarius aliongoza sala akiwa upande wa pili wa uzio, kwa sababu alikuwa na mbuzi wawili tu na kwa sababu sala haikutajwa katika marufuku. Marehemu hakumlaumu ndugu yake. Alisema tu kwamba "Amina" yake ilisikika vizuri. Jembe la Elina liliwekwa nyuma ya mlango na halikutumika tena shambani.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilikuja zile mvua zilizovunja madaraja nchi nzima. Asubuhi moja ya Desemba, Nyanjige, mkwe wa Mzee Ndaki, alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua tangu jana yake na mkunga akasema huyu ni wa hospitali. Pikapu ilisukumwa kwenye matope. Haikuwaka. Ikasukumwa tena, ikazama. Mzee Ndaki alivaa koti lake, akatembea mpaka gereji, na kwa kuwa amri ilikuwa yake mwenyewe, akasimama kando ya banda akamwambia kuku.

"Wewe kuku, mwenye gereji yupo?"

Kasmiri alikuwa chini ya lori. "Mwambie yupo."

"Mwambie gari limekataa, na taa inawaka vizuri kabisa."

"Mwulize mgonjwa ni nani."

"Mwambie ni Nyanjige."

Marehemu alikuwa ameshatoka chini ya lori kabla kuku hajaulizwa lingine. Alifungua betri ya pikapu yake mwenyewe, iliyokuwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, akaibeba begani mpaka kwa Mzee Ndaki, akaifunga. Kisha akaingia chini ya dashibodi na kuung'oa ule waya wa balbu. Taa ikazimika. Mzee Ndaki aliona. Hakusema kitu, kwa sababu hakukuwa na kuku karibu.

Safari ya kwenda Bariadi ilikuwa ya kuteleza na kusukuma. Kasmiri aliendesha, Nyanjige akiwa katikati na mama mkwe wake upande wa pili, Mzee Ndaki nyuma kwenye mvua pamoja na vijana. Dirisha la nyuma halikuwa na kioo. Walipokaribia kuvuka mto, katika utulivu mfupi kati ya uchungu na uchungu, Nyanjige alisema, "Mwadeela, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa Mwabagole kumsalimia tangu mkutano ule. Marehemu alisimulia baadaye kwamba alikaribia kuingia mtaroni. "Mwadeela, mayu," akajibu, akimwita mama.

"Nyanjige!" ikaja sauti kutoka nyuma. "Mbuzi!"

Nyanjige, ambaye kwa desturi zetu hakupaswa hata kutazamana na mkwe wake, aligeuka akaongea na lile dirisha. "Baba mkwe, nikifika hai nitalipa mwenyewe. Nikifa, mtadai wapi?"

Alifika hai. Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, akapewa jina la Nancy, ambalo ni la nesi wa zamu. Wanaosema ni marehemu aliyempa jina wamechanganya. Nancy yupo hapa leo.

Baada ya siku ile watu walianza kusalimia, mmoja mmoja, kwanza kwa kukohoa. Mzee Ndaki naye alitafuta njia ya heshima na akaipata. Alitangaza kwamba injini yake imerudishwa. Alisema ameisikiliza njia nzima hadi Bariadi, ndiyo yenyewe, imepungua sauti kwa uzee. Wazee wakaafiki kuondoa amri. Marehemu alitakiwa tu kufika, kukaa kimya, na kula mbuzi.

Alifika. Hakukaa kimya. "Sikurudisha kitu," alisema, "kwa sababu sikuchukua kitu."

"Kasmiri, kula nyama," alinong'ona Januarius.

"Nyama ya wizi gani?"

Kikao kilivunjika. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, akaliwa na wengine. Na amri haikuondolewa. Watu walimsalimia, walimletea magari, walimkopa spana wasirudishe, lakini kwenye kumbukumbu za wazee Kasmiri Bundala alibaki mtu aliyetengwa, ambaye akifa hazikwi.

Mwaka 2002 aligundulika ana ugonjwa wa figo. Alitibiwa Bariadi na baadaye Mwanza, na wahudumu wa kote huko familia inawashukuru, pamoja na kuwaomba radhi kwa maswali. Aliuliza kila kipimo kimejuaje. Alipodhoofika mwanzoni mwa mwaka huu, Januarius alikuja kukaa kitandani kwake, safari hii upande wa ndani wa uzio.

"Kaka, ni neno moja tu. Useme uliirudisha. Mungu anaujua ukweli, wao wataridhika, na wewe utazikwa kama mtu."

"Mungu anaujua?"

"Anaujua."

"Basi wa kudanganywa hapo ni nani?"

"Utazikwa na nani, Kasmiri?"

Marehemu alitazama mlangoni. "Elina ana jembe," alisema.

Alifariki nyumbani kwake, Jumanne tarehe 11 Mei 2004, saa kumi na moja asubuhi, mkewe akiwa pembeni. Hakurudisha injini.

Familia haikutuma mtu kwa jirani yeyote kuomba msaada wa kaburi. Hayo yalikuwa maelekezo yake na tuliyafuata, tukiwa na hofu. Jana asubuhi Elina alichukua jembe nyuma ya mlango, akafunga kanga kiunoni, akatoka na mwanawe Method. Walikuta shimo limefika magotini. Wanaume wa Mwabagole walikuwa wameanza kabla jua halijatoka, wanapokezana, na Mzee Ndaki, ambaye siku hizi hawezi kulima, alikuwa ameletwa pamoja na kiti chake na alikuwa akiwaelekeza, kimakosa, upande wa kulaza kichwa.

Alipomwona Elina alisimama kwa taabu, akamwamkia. "Mwangaluka, mayu. Leta hilo jembe nikushikie."

"Mwangaluka, baba," alisema Elina. "Nitalishika mwenyewe."

Akalishika mpaka wakamaliza. Analo hapa.

Kwa ajili ya kumbukumbu, amri ya mwaka 1996 haijaondolewa. Kwa mujibu wake, kila aliyechimba jana na kila aliyetusalimia leo ametenda kosa na anapaswa kutoa mbuzi. Tumewahesabu kwa macho tukaona nchi hii haina mbuzi wa kutosha. Familia inawashukuru kwa kosa hilo.

Marehemu ameacha mjane, Elina Kwandu, watoto watatu, Method, Selestini na Goodness, wajukuu watano, ndugu yake Januarius, na gereji, ambayo itafunguliwa Jumatatu chini ya Method. Bati la mbele limepakwa rangi upya. Maneno ni yaleyale, na "karibu" bado halijaongezwa.

Apumzike kwa amani Kasmiri Bundala, bila kukubali kosa.